Kipindi cha Elimu ya Viungo Kinachofundishwa Kweli: Mwongozo Kamili kwa Walimu wa Shule za Uganda

Ratiba ya shule ninayofundisha, hapa Busia mpakani, inaonyesha kipindi cha elimu ya viungo kwa kila darasa, na kwa miaka mingi kipindi hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuporwa. Mwalimu wa hisabati aliyebaki nyuma alikichukua. Wazazi walipoitwa mkutanoni, ndicho kilichofutwa. Na darasa la saba, kuanzia muhula wa pili, halikukiona kabisa. Sababu haijifichi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi hupima Kiingereza, hisabati, sayansi, na maarifa ya jamii pamoja na dini, na somo lisilotahiniwa hugeuka kuwa la ziada hata kama mtaala haukulipanga hivyo.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mwalimu mwenye darasa la watoto 80 au 100, uwanja wenye mteremko, na mpira mmoja uliopasuka. Sina ugomvi na timu ya shule, wala sidharau makombe yaliyopangwa kabatini. Ila timu huchukua watoto 11 au 7, na somo ni la watoto wote. Kwa hiyo kila hatua nitakayoeleza ina kipimo kimoja tu: ni watoto wangapi wamejongea, na kwa dakika ngapi.

Hatua ya kwanza: ujue unachokitetea

Kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu, jiandae kwa hoja. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani au ya nguvu, na angalau siku 3 kwa wiki mazoezi hayo yawe ya kumhemesha na ya kuimarisha misuli na mifupa. Takwimu za mwaka 2016 zilionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho.

Mzazi atakujibu kwamba mtoto wake analima, anateka maji, na anatembea mwendo mrefu kuja shuleni, na kwamba hayo yanamtosha. Jibu hilo lina ukweli ndani yake na linastahili heshima. Kubeba dumu la maji kunampa mtoto stahamala, lakini hakumfundishi kudaka, kugeuka kwa kasi, kuruka na kutua bila kuumia, wala kushindwa mbele ya wenzake na kurudi kucheza nao. Isitoshe, mtoto wa bweni, ambaye huamka alfajiri kusoma na kulala usiku baada ya kusoma, halimi wala hateki maji. Yeye hukaa kwenye dawati karibu siku nzima. Mifupa hujengwa utotoni na katika ujana kwa kugongwagongwa ardhini, yaani kwa kuruka na kukimbia, na moyo uliozoeshwa kufanya kazi mapema hupunguza hatari ya shinikizo la damu na kisukari cha ukubwani. Kwa mwalimu mwenye haraka ya silabasi, hoja inayomgusa zaidi ni umakini: watoto waliotoka kukimbia hurudi darasani wakiwa wametulia, na kipindi kinachofuata ndicho kinachovuna faida.

Kwa shule za sekondari una silaha nyingine. Mtaala mpya wa vidato vya chini, ulioanza mwaka 2020, umelifanya somo hili kuwa la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, sawa na Kiswahili. Ulikuwa umeanza tu Februari pale shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, kwa hiyo walimu wengi waliupokea ukiwa umepoa. Sisi tunaofundisha Kiswahili na elimu ya viungo kwa pamoja tunayajua masomo haya mawili kama ndugu: yote mawili yamo katika ratiba, na yote mawili huambiwa yasubiri.

Omba mambo mawili tu, na uyaombe kwa maandishi. Kwanza, kipindi kiwekwe asubuhi kabla ya jua kali, na ikiwezekana kigusane na mapumziko, ili dakika za kutoka na kurudi zisikile. Pili, anayekichukua akirudishe wiki hiyo hiyo, na jambo hilo liandikwe kwenye daftari la mwalimu wa zamu. Kwetu sharti hili la pili ndilo lililobadilisha mambo, kwa kuwa kila aliyetaka kukopa alilazimika kwanza kufikiria atalipa lini.

Hatua ya pili: uwanja na daftari la afya

Siku ya kwanza ya muhula, tembea uwanjani na watoto mkiwa mmejipanga bega kwa bega, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mkiokota vigae, misumari, vipande vya chupa na visiki. Wengi wao watacheza miguu mitupu. Fukia mashimo kwa udongo ulioshindiliwa, na hakikisha milingoti ya magoli imesimama imara, kwa sababu goli linaloyumba linaweza kumwangukia mtoto aliyejining'iniza. Kama uwanja una mteremko, panga mbio zikate mteremko kwa upande badala ya kushuka nao.

Wakati huo huo tazama miguu yenyewe. Mwenye funza hawezi kukimbia, na mara nyingi hatasema; atajificha nyuma ya wenzake au atadai kuwa anaumwa tumbo. Usimtoe mbele ya darasa. Mpeleke pembeni, zungumza na mwalimu mlezi, na jambo hilo lifike nyumbani na kituo cha afya kwa staha.

Kisha fungua daftari la afya. Waulize wazazi, kwa barua fupi au siku ya mkutano, kuhusu pumu, kifafa, matatizo ya moyo na selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Ugonjwa huu wa mwisho nautilia mkazo kwa sababu ni wetu: uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa wamebeba chembe ya urithi ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Mwenye ugonjwa huu hapaswi kufungiwa nje ya kipindi, lakini lazima anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka bila kuomba ruhusa, asishindanishwe hadi kuishiwa nguvu, na asiachwe na nguo zilizolowa kwenye baridi. Akilalamika maumivu ya mifupa au kifua, kipindi chake kimekwisha na anapelekwa kituo cha afya. Daftari hili ni siri. Halisomwi kwa sauti uwanjani.

Hatua ya tatu: tengenezeni vifaa

Shule nyingi husubiri vifaa visivyokuja. Kwa darasa la watoto 90 unahitaji mipira 10, kamba ndefu 3, chupa 12 za maji zilizojazwa mchanga, na fimbo chache zilizonyooka. Chupa huokotwa mjini, kamba za katani hununuliwa sokoni, na mipira mtaishona wenyewe.

Mpira wa mgomba hutengenezwa hivi. Chagueni maganda ya nje ya shina la mgomba yaliyokauka yakawa ya hudhurungi, kisha mwage maji kidogo juu yake na kuyaacha kwa muda yalainike, kwa sababu ganda kavu kabisa hukatika likikunjwa. Kunja matambara au mifuko ya plastiki iwe donge gumu linalojaa kiganja. Zungushia donge hilo maganda, kila tabaka likipita kinyume cha lililotangulia, huku mtoto mwingine akilibana kwa mikono miwili. Wakati huo wenzao wanasokota kamba nyembamba kutoka maganda hayo hayo, kwa kuiviringisha pajani kama wanavyofanya mama zao wakifunga mizigo. Kamba hiyo husukwa juu ya mpira iwe wavu wenye matundu ya ukubwa wa kidole gumba, na fundo la mwisho hufichwa ndani. Mpira wa kudaka uwe kama chungwa kubwa, na wa kupiga teke uwe kama papai dogo. Haudundi sana, na hilo ni faida kwa anayejifunza, kwa kuwa haumtoroki. Baada ya kipindi utundikwe chini ya paa; ukilala kwenye umande, huoza.

Nimeona watoto wa darasa la tano wakiutunza mpira walioushona wenyewe kuliko ule wa dukani.

Hatua ya nne: gawa darasa, uue foleni

Hapa ndipo vipindi vingi hufia, na nilijifunza kwa kosa langu. Nilikuwa nimewapanga watoto 90 katika mistari miwili ya mbio za kupokezana kijiti. Kulikuwa na kelele, shangwe na vumbi, nami niliamini kwamba kipindi kimefana. Siku hiyo nilikuwa na saa mkononi, nikaamua kumfuatilia msichana mmoja aliyesimama katikati ya mstari. Katika dakika 40 alikimbia mara mbili, jumla sekunde 38. Muda uliobaki alisimama, akachora ardhini kwa kidole cha mguu, akasukumwa, akasimama tena. Nilikuwa nimefundisha kusubiri.

Tangu hapo natumia vituo. Watoto 90 hugawanywa makundi 6 ya watoto 15, na uwanja hugawanywa sehemu 6. Kituo cha kwanza ni kuruka kamba, kamba 3 kwa watoto watano watano. Cha pili ni kurusha na kudaka wawili wawili, kwa mipira 7, kundi moja likiwa la watatu. Cha tatu ni kutembea kwa usawa juu ya mstari uliochorwa, kisha juu ya matairi makuukuu yaliyozikwa nusu, mikono ikiwa imenyooshwa. Cha nne ni mbio za kwenda na kurudi mita 10 kati ya chupa. Cha tano ni kupiga mpira teke kwa shabaha, mipira 3. Cha sita ni kuruka mto, yaani nafasi kati ya fimbo mbili zilizolazwa chini, ambayo hupanuliwa kidogo kidogo. Pasiwe na mstari wenye zaidi ya watoto watano.

Kila kituo huchukua dakika 3, kwa hiyo vituo vyote humaliza dakika 18. Filimbi moja fupi maana yake ni kusimama na kuweka mikono kichwani; filimbi mbili maana yake ni kuhamia kituo kinachofuata. Fundisha ishara hizo peke yake katika kipindi cha kwanza cha muhula, bila mchezo wowote, mpaka ziingie mwilini. Kila kundi liwe na kiongozi anayebadilishwa kila wiki, msichana wiki hii na mvulana wiki ijayo. Amri zangu hutoka kwa Kiswahili: simama, geuka, chuchumaa, rudi nyuma. Darasani mwangu wamo Wasamia, Wateso, Waganda na watoto waliovuka kutoka Kenya, na katika uwanja huo hakuna anayecheza kwa lugha ya mwenziwe.

Kipindi cha dakika 40 cha madarasa ya juu kinaweza kupangwa hivi: dakika 5 za kutoka na kuhesabiana, dakika 7 za kupasha mwili moto, dakika 18 za vituo, dakika 7 za mchezo wa darasa zima, na dakika 3 za kupoza mwili. Kupasha mwili moto kuanze kwa kutembea haraka, kisha kukimbia polepole, kisha kuzungusha mabega, nyonga na vifundo vya miguu; kunyoosha misuli kwa kutulia kuwekwe mwishoni, mwili ukiwa umeshapata joto. Kwa madarasa ya chini, ambako kipindi ni dakika 30, punguza vituo viwe vitatu na uongeze mchezo.

Mchezo wa mwisho usiwe mpira wa miguu kila siku. Kwepena, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, ambao Watanzania huuita rede, hujumuisha watoto wengi kwa mpira mmoja, na ukigawa darasa katika viwanja vitatu vidogo, wote wanacheza. Badilisha sheria moja tu: aliyepigwa asikae pembeni hadi mwisho, bali aruke mara 10 na kurudi ndani. Katika sheria ya zamani, mtoto asiye mwepesi hutoka wa kwanza na kukaa muda mrefu kuliko wote, ingawa ndiye anayehitaji zaidi kucheza.

Ili ujue kama wanafanya kazi, tumia kipimo cha mazungumzo. Mtoto anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko katika mwendo wa wastani. Anayeweza kutamka maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi yuko katika mwendo wa nguvu. Darasa la sita na la saba wanaweza pia kuhesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, na mwalimu wa hisabati hatanung'unika.

Hatua ya tano: wale wanaoachwa pembeni

Wasichana huacha kipindi hiki kimya kimya wanapobalehe, na mara nyingi sababu ni nguo na hedhi. Shule iruhusu suruali au kaptura ndefu chini ya sketi, na hijabu iliyofungwa vizuri kwa wanaoivaa. Iwepo sehemu ya kubadilishia nguo yenye mlango unaofungwa, na maji. Na mwalimu wa kike awe na pedi chache. Msichana akisema leo hawezi, usimwulize sababu mbele ya watu. Mpe saa na umfanye mtunza muda.

Mtoto mwenye ulemavu apewe kazi ya viungo vyake, kazi ya kubeba mabegi ya wenzake haitoshi. Kwa asiyeona, weka kokoto ndani ya kopo dogo katikati ya mpira ili ausikie unakopita. Kwa anayetembelea mkongojo, mpange katika kurusha kwa shabaha na umwongezee zamu. David Emong, Mganda mwenye ulemavu wa mkono, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 1500 kwenye Paralimpiki ya Rio mwaka 2016, na watoto wanastahili kulijua jina lake kama wanavyowajua wakimbiaji wenzake Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai.

Aliyekuja bila kunywa chai naye ni wa kutazamwa. Kama shule ina uji, kipindi kizito kiwe baada ya uji, ila kipite muda wa kutosha tumbo litulie. Kama haina, punguza mbio na uongeze kurusha, kudaka na usawa. Mtoto anayeona kizunguzungu aketi kivulini, anywe maji, na asirudi mchezoni siku hiyo.

Tena, naomba jambo moja kwa nguvu zote: usimwadhibu mtoto kwa mazoezi. Kumrusha kichura aliyechelewa au kumzungusha uwanja mara 10 kwa sababu hakufanya kazi ya nyumbani ni kumfundisha kwamba kuchosha mwili ni fedheha. Adhabu ya viboko ilikatazwa shuleni na sheria ya watoto ya mwaka 2016. Basi tusiihamishie uwanjani kwa jina jingine.

Hatua ya sita: radi na jua

Nchi yetu hupigwa na radi mara nyingi, na uwanja wa michezo ni mahali pabaya pa kuwapo. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo. Agosti 2020, huko Arua, watoto 10 walikufa baada ya kuacha mpira na kujibanza katika kibanda cha nyasi ili kuikwepa mvua. Kibanda hakikingi radi, wala mti haukingi, wala kusimama karibu na magoli ya chuma. Ukisikia ngurumo, hata kama jua bado linawaka, kipindi kimekwisha. Watoto waende katika jengo lenye kinga ya radi kama lipo, la sivyo katika jengo imara la kudumu, wakae mbali na kuta, madirisha na vyuma, na wasitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usisubiri matone. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mawingu huelekea kujikusanya mchana, na hiyo ni sababu nyingine ya kudai kipindi cha asubuhi.

Kwa siku za mvua bila ngurumo, kipindi kifanyike darasani: kuchuchumaa na kuinuka kando ya dawati, kusukuma ukuta, kusimama kwa mguu mmoja macho yakiwa yamefumbwa, kucheza ngoma za nyumbani kwa zamu. Siku za jua, dumu la maji safi na vikombe viwekwe kivulini kabla ya kutoka, na watoto wanywe katikati ya kipindi.

Hatua ya saba: andika

Usimpime mtoto kwa kumlinganisha na mwenye kasi kuliko wote. Mpime mwanzoni mwa muhula na mwishoni kwa mambo machache: ameruka umbali gani akiwa amesimama, ameruka kamba mara ngapi bila kukosea, amedaka mipira mingapi kati ya 10. Andika pia kama anashirikiana na wenzake na kama amejifunza kuongoza. Mzazi akifungua ripoti na kuona kwamba binti yake aliyedaka mipira 2 sasa anadaka 8, anakuwa na kitu cha kushika.

Safu ya mwisho ya daftari ni yako wewe mwalimu. Kila kipindi chagua mtoto mmoja bila kumwambia, yule wa katikati ya kundi asiyesumbua wala kusifiwa, na umfuatilie kwa saa. Andika dakika alizojongea. Zikiwa chini ya 20 katika kipindi cha dakika 40, usimlaumu. Tafuta foleni ilikojificha, gawa kundi hilo mara mbili, na wiki ijayo mpime mwingine.